Tupeane uzoefu: kayaki imekusaidiaje kutuliza akili na kupata mawazo mapya?

Mpigakafi:
Habari zenu wadau. Humu wengi tunaandika, tunachora, tunatunga muziki au tunafanya kazi za kufikiri kutwa nzima, na nimeona baadhi yenu mkigusia kwamba mnapiga kafi. Naomba tukusanye uzoefu wetu mahali pamoja. Sizungumzii mashindano wala maji yanayoporomoka kwenye miamba. Nazungumzia kayaki ya starehe, ule mtumbwi mdogo mwembamba wa kupiga kafi ukiwa umekaa, maji yaliyotulia, mtu anatoka saa moja au mbili kisha anarudi.

Nianze mimi. Naandika michezo ya redio. Ninapotoka tu, kichwa huwa bado kimejaa: nabishana na watu ambao hawapo, nakumbuka ujumbe ambao sijaujibu. Baadaye mikono inashika mwendo wake, kulia, kushoto, na ile vurugu inapungua bila mimi kuilazimisha. Naamini siri yake ni kwamba chombo kinakudai umakini kidogo tu. Lazima uangalie upepo, mkondo na omo, yaani ncha ya mbele ya chombo, linaelekea wapi, lakini hayo hayamalizi akili yote. Ile inayobaki huzurura, na ikizurura ndipo wahusika wangu wanapoanza kusemezana.

Wanasaikolojia Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza jambo hili miaka ya 1980. Umakini wa kujilazimisha, ule wa kukodolea kazi macho, huchoka. Mazingira ya asili huushika umakini wetu kwa upole, na ule uliochoka unapata nafasi ya kupumzika. Niliposoma maelezo yao niliona wameandika kile kinachonitokea.

Karibuni.

Rangi za Maji:
Asante kwa mada hii, nimeingojea sana. Mimi ni mchoraji. Kwangu faida kubwa ni mahali jicho linapokaa. Ndani ya kayaki unakaa chini sana, kiuno karibu sawa na uso wa maji. Ukisimama ufukweni upeo wa macho uko kama kilomita 4.7 kutoka ulipo. Ukiwa umekaa na macho yako sentimita 80 hivi juu ya maji, unasogea hadi kilomita 3 na kitu. Dunia inakuwa ndogo, na vitu vya karibu vinakuwa vikubwa: mizizi iliyoning'inia ukingoni, tumbo la ndege anayepita juu yako, viwimbi vinavyokuja usawa wa kifua.

Kabla ya hapo michoro yangu yote ilikuwa ya mtu aliyesimama. Hakuna mwalimu aliyenifundisha kuhamisha jicho, maji ndiyo yalinihamisha. Siku hizi hata nikichora chumba huanza kwa kujiuliza mtazamaji amekaa wapi.

Mantiki:
Naomba kutofautiana kidogo na mleta mada. Naandika programu za kompyuta, napenda sana kayaki, lakini nikiwa majini sipati wazo hata moja, na sitaki kulipata. Nataka kuwa mahali ambapo hakuna swali linalonisubiri. Suluhisho hunijia baadaye, nikiwa naanika nguo au asubuhi kabla sijashika simu.

Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz, walichapisha majaribio kuhusu kutembea kwa miguu. Watu waliokuwa wakitembea walitoa mawazo mapya mengi zaidi kuliko waliokaa, wastani wa ongezeko ukiwa karibu asilimia 60, na athari iliendelea hata walipokuwa wameshakaa. Ila kwenye maswali yenye jibu moja tu sahihi, kutembea hakukuwasaidia. Ni utafiti wa miguu, si wa kafi, kwa hiyo siutumii kama ushahidi wa kayaki. Lakini unafanana na ninayoyaona: kutoka kunanipa njia nyingi za kujaribu, halafu kazi ya kuchagua iliyo sahihi naifanya nimekaa mezani, kwa utulivu.

Ngoma Mbili:
Mimi ni mpiga ngoma. Kafi la kayaki lina mabapa mawili, moja kila ncha, na kila bapa lina sauti yake likiingia majini na nyingine likitoka. Upepo wa mbele hubadilisha kasi. Nimetunga vipande kadhaa kwa mdundo huo na sijawahi kumwambia mtu vilikotoka, leo ndiyo nasema.

Bila Ngazi:
Natumia kiti cha magurudumu. Nataka kusema jambo ambalo wenye miguu wanaweza wasilione: kwenye kayaki tunalingana wote urefu. Hakuna anayeinama kuzungumza nami, hakuna anayenisukuma, na majini hakuna ngazi. Kazi ngumu ni kuingia na kutoka. Nahitaji gati lililo chini, watu wawili wanaojua kunibeba bila kunivuta mabega, na kiti chenye egemeo imara la mgongo kwa sababu misuli ya tumbo langu ni dhaifu. Sijifungi mikanda ambayo siwezi kuifungua mwenyewe kwa mkono mmoja. Hilo sina mjadala nalo.

Kwa wasiojua, mashindano ya kayaki kwa watu wenye ulemavu yaliingia Paralimpiki Rio 2016. Mimi si mshindani. Ila siku ya kwanza niliposukuma maji mwenyewe na chombo kikaenda nilikokusudia, nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa muda mrefu. Nilianza kuandika mashairi baada ya hapo. Kaka Mantiki, kwangu yanakuja hukohuko majini, mstari kwa mstari.

Mjane:
Nimesoma yote. Sina sanaa ninayofanya, naomba tu niongeze upande wa faraja ya moyo. Nilipofiwa na mume wangu watu walikuja kunikalisha na kunitazama usoni, na nikitazamwa nilikuwa siwezi kusema. Dada yangu akanichukua kwenye kayaki ya watu wawili. Mle ndani mnatazama upande mmoja. Yeye nyuma, mimi mbele, hakuna anayeuona uso wa mwenzake, na mikono ina kazi. Nilisema mambo ambayo sikuyasema msibani. Yeye hakunijibu mengi, alikuwa anafuata mapigo yangu tu.

Kwa hiyo msidhani faida iko kwenye upweke peke yake.

Mpigakafi:
Pole sana dada, na asante kwa kutuamini na haya. Sikuwahi kuifikiria kayaki ya wawili kwa namna hiyo.

Baharia Mstaafu:
Vijana, mmesema vizuri, nami naongeza la tahadhari. Kayaki ilianza kwa Wainuit na watu wengine wa maeneo ya Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, chombo cha uwindaji cha ngozi iliyotandikwa juu ya fremu ya mbao au mifupa. Huko Greenland kulijulikana hofu ya ajabu iliyowapata wawindaji hodari. Mtu yuko peke yake, maji yametulia kabisa, jua linamulika machoni, na ghafla anapoteza hisia ya juu na chini, anaona chombo kinazama au kinapinduka ilhali kimetulia. Wengine waliacha kwenda baharini. Madaktari wa Denmark waliandika kuhusu hali hiyo tangu zamani.

Nalisema hili kwa sababu wapo watakaotoka wakitafuta amani na wakakuta wasiwasi kwenye ukimya. Haina maana kuna kasoro kwako. Kaa karibu na ukingo ambako macho yana cha kushika, nenda na mwenzako, endelea kupiga kafi badala ya kuelea tu.

Na maji baridi, chini ya nyuzijoto 15, msiyachukulie kirahisi hata kama jua ni kali. Ukitumbukia, pumzi inakatika na kuja kwa kasi usiyoweza kuizuia, na dakika ya kwanza kazi yako ni kuelea na kutuliza pumzi hiyo. Vaeni kulingana na maji, si kulingana na hewa.

Mgeni wa Maji:
Shikamoo mzee. Jamani, mnanitamanisha. Ninafanya kazi ya kukaa, mgongo na mabega vimekaza. Kuogelea najua kidogo sana. Na mawazo yakija mnayaandika wapi?

Rangi za Maji:
Mimi nina daftari dogo la karatasi isiyolowa na penseli iliyofungwa kwa kamba. Simu inakaa ndani ya mfuko usiopitisha maji, imezimwa.

Bila Ngazi:
Mimi huurudia mstari kwa kila pigo la kafi hadi nifike. Usiobaki kichwani haukuwa mzuri.

Baharia Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Anza na kayaki pana ya kukalia juu. Hiyo ikipinduka unadondoka tu majini, hufungiki ndani. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe na kufungwa tangu nchi kavu, si kuwekwa miguuni. Pata mtu akufundishe kupanda tena chomboni kutoka majini kabla hujafundishwa kwenda mbali, na wakati huohuo endelea kujifunza kuogelea. Anza safari ukielekea upepo unakotoka, ili ukichoka ukurudishe.

Kuhusu mabega: kafi lishike kwa ulegevu, nguvu itoke kwenye kiwiliwili kwa kuzungusha kifua, na miguu isukume pale inapokanyaga. Ukivuta kwa mikono mitupu utarudi umekaza kuliko ulivyoondoka. Mara ya kwanza dakika thelathini zinatosha.