Kuchambua mechi yako mwenyewe: daftari, Lichess, Chess.com au mtu aliyekuzidi?

NgomeTupu (mwanzisha mada)

Wakuu habari za jioni. Naomba tulinganishe njia za kuchambua mechi, maana naona kila mtu ana dini yake. Mimi ni mchezaji wa kawaida wa chesi, mechi za usiku baada ya kazi, dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua.

Iliyonileta hapa nilikuwa na nyeupe. Tukabadilishana ngome, ubaoni kikabaki kitunda kimoja tu (kete ndogo inayogeuka malkia ikifika mwisho wa ubao), tena changu. Mfalme wangu d4 (herufi ni safu wima, namba ni safu mlalo), kitunda e2, mfalme wake d6, zamu yangu. Nikasukuma e4 bila wasiwasi. Yeye akaja e6, na kuanzia hapo kila nilipogeuka nilimkuta mlangoni. Sare.

Nimeipitisha sehemu mbili, tovuti za kuchezea na kuchambulia chesi. Chess.com, kwa akaunti ya bure inayokupa uchambuzi mmoja kwa siku, imenipa usahihi wa asilimia 80 na ushei, na pongezi juu. Lichess, ambayo haina matangazo wala malipo, imechora grafu: mstari uko juu, halafu kwenye e4 unaporomoka hadi 0.00, yaani sare, kama lifti iliyokatika kamba. Zote mbili zinasema ningecheza e3. Sawa, lakini e3 ina nini? Kitunda ni kile kile, na kimetembea nusu ya safari. Ninyi mnatumia nini ili muelewe, si ili mwambiwe tu?

mzee_wa_farasi

Ndugu yangu, weka simu chini, toa ubao, panga hizo kete tatu. Cheza e3. Sasa zamu ni yake, na wafalme wanatazamana, d4 na d6, mraba mmoja katikati. Hakuna anayeruhusiwa kumkaribia mwenzake, kwa hiyo mwenye zamu ndiye anayelazimika kufungua njia. Akienda e6 unamfuata na mfalme wako e4, mnatazamana tena na zamu ni yake tena. Akirudi d6 unaingia f5. Akikimbilia f6 unaingia d5. Akianza kwa c6, wewe e5 moja kwa moja. Mfalme wako akishatangulia hivyo, kitunda kinafuata nyuma kwa raha zake.

Ulipocheza e4 ulitumia hatua zote mbili kwa mkupuo, hukubakiza ya akiba. Alipokuja e6, mraba uliouhitaji ili umtazame ni e4, na hapo ulikuwa umemkalisha kitunda wako mwenyewe.

Mashine ilijua haya yote kwa kufumba na kufumbua na haikukuambia hata moja. Ndiyo maana mimi naanza na daftari. Kila mahali nilipofikiri kwa muda mrefu naandika nilikuwa nawaza nini, na saa ilisomaje. Injini, yaani programu inayokokotoa hatua, naiwasha mwisho. Botvinnik, aliyetwaa ubingwa wa dunia 1948 na kuurudisha mara mbili, 1958 na 1961, alishikilia kwamba mchezaji achambue mechi zake kisha achapishe uchambuzi wenyewe ili wengine wamkosoe. Ulichofanya kwa kuileta hapa ndicho hicho.

MalkiaWaNakuru

Shikamoo mzee. Hapo kwa mwisho wa vitunda umefundisha, lakini kwa daftari kwanza sikubali.

Mtu wa kiwango chetu akichambua mwenyewe anachambua anachokijua. Anajaza kurasa mbili za mpango wake wa upande wa malkia, kumbe mapema kabisa farasi alikuwa analiwa bure na wote wawili hawakuona. Usichokiona ukicheza, mara nyingi hukioni hata ukipitia. Acha injini ionyeshe mahali kwanza, kisha ndiyo ukae na ubao utafute sababu. Lichess ina kitufe cha kujifunza kutokana na makosa: inakurudisha kwenye hali ile ile, inaficha jibu, wewe unatafuta hatua nzuri hadi uipate. Hapo daftari na mashine zimekutana.

Na hizo asilimia za Chess.com wala zisikuleweshe. Mechi ambayo mpinzani amegawa malkia mapema itakupa namba tamu hata kama hukufanya lolote la maana. Wewe mwenyewe umepewa 80 kwenye mechi uliyoachia ushindi kwa hatua moja. Maelezo yao ya maneno yanamsaidia anayeanza, hilo sitawanyima, ila ukitaka kwa kila mechi ujiandae kulipia.

bando_limeisha

Mnasahau watu wa bando. App ya Lichess ukishaipakua, Stockfish inafanya kazi ndani ya simu bila intaneti. Ni injini ya bure iliyoanza 2008, na kwenye simu ya kawaida tu inamchapa binadamu yeyote aliye hai. Mechi naandika hatua kwenye karatasi, nikifika nyumbani naziingiza kwa mkono. Kule kuziingiza kwenyewe tayari ni uchambuzi, maana unazipitia taratibu.

Intaneti unaihitaji kwa vitu viwili: kanzidata ya fungulizi, yaani hatua za mwanzo wa mechi, na ile ya miisho, kete zikibaki chache. Hii ya miisho ni kiboko. Kete zikibaki saba au pungufu, wafalme wakiwemo, haikisii: inakuambia kila hatua inashinda, inatoa sare au inapoteza. Hiyo yako ya kete tatu ni maji ya kunywa kwake. Chezea e4 na e3 pale uone zinavyobadilika.

Cha kuepuka ni zile programu za kupiga nazo soga. Niliipa moja mwisho wa vitunda, ikanieleza kwa Kiswahili kisafi kabisa, katikati ya maelezo ikawaweka wafalme wawili bega kwa bega. Mfalme wa wapi huyo?

NgomeTupu

Mzee, nimepanga ubao na sasa nimeuona huo mraba wa e4. Asante sana.

Nimefanya na kingine: nimemwandikia mpinzani wangu nikamuuliza alikuwa anawaza nini. Amejibu kwamba aliomba kubadilishana ngome makusudi, kwa kuwa alijua nimebakiwa na chini ya dakika moja na ningesukuma kitunda haraka. Hatua ya e6 alikuwa nayo tayari kichwani. Hii hakuna programu iliyoniambia. Kwenye Chess.com, kubadilishana ngome kumewekewa alama ya hatua nzuri kabisa.

mzee_wa_farasi

Marahaba binti wa Nakuru. Kwa anayegawa kete bure kila mechi, nakubali, injini itangulie. Ila huyu hagawi kete, huyu anaishiwa saa, na injini haisomi presha ya saa.

NgomeTupu, hilo la kumuuliza mpinzani ndilo tulilokuwa tukifanya wakati wote kwenye mashindano, mechi ikiisha mnabaki na ubao mnabishana. Watu wa mtandaoni wamelipoteza, wakishindwa wanabonyeza mechi mpya.

MalkiaWaNakuru

Sawa mzee, tugawane: injini kwa hatua, mtu kwa saa. Na kwako NgomeTupu, usiishie kuelewa. Lichess inakuruhusu kuanzisha mchezo kutoka hali yoyote unayoipanga. Weka mfalme d4, kitunda e2, mfalme mweusi d6, kila mtu dakika moja, unitumie kiungo. Nitakaa na nyeusi, na sitakwenda e6 kila mara.