Eti Marseille "ALITUNGULIWA"! Alitunguliwa na nani?!

Pistoni Moto (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira ya kukaanga chapati bila jiko.

Yule bwana mnamjua. Simtaji, video zake mnatumiana wenyewe kila wikiendi. Jana usiku kaachia ya JG 27, kikosi cha Wajerumani cha ndege za kivita kule jangwani Afrika Kaskazini, vita ya pili ya dunia. Dakika ya 41 akafungua kinywa akasema rubani wao nyota, Hans-Joachim Marseille, "alitunguliwa na Spitfire ya Mwingereza". ALITUNGULIWA! Watu wakamsahihisha kwa adabu zote. Jibu lake: "Kasomeni kwanza, watoto." Kisha akafunga sehemu ya maoni.

Watoto!

Haya, watoto tunasema hivi. Tarehe 30 Septemba 1942, Misri. Marseille anatoka kusindikiza Stuka, ndege za Wajerumani za kudondosha mabomu, adui hajakutana naye, risasi hata moja haijamgusa. Yuko kwenye ndege ya kivita Bf 109 G-2/trop mpya (trop ni toleo la jangwani) yenye injini ya DB 605. Njiani kurudi, kabini inajaa moshi. Haoni dashibodi, haoni mbele, wenzake ndio wanamwelekeza kwa redio hadi avuke mstari wa Wajerumani. Anaipindua ndege tumbo juu ili adondoke, kama marubani walivyozoea. Lakini kwa kuwa haoni, ndege imeshaanza kuchimba pua chini kwa kasi kubwa. Upepo unamvuta nyuma, kifua kinagonga usukani wa wima wa mkia. Parachuti haikufunguka. Akaanguka kilomita 7 kusini mwa Sidi Abdel Rahman, akiwa na miaka 22.

Tume ikachunguza ikakuta gia ya ndani ya injini imeharibika, oili ikavuja, meno ya gia yakakatika na oili ikashika moto. GIA! OILI! Spitfire iko wapi hapo? Ilijificha kwenye sampu?

Alitunguliwa. Mtu anasema alitunguliwa na anatuita watoto. Nasema tena: alitunguliwa na gia?

Mama Rada

Uzi wa moto huu. Nimekaa.

Bushi Kavu

Mkuu uko sahihi ila umepita haraka penye utamu. Kwenye DB 601, injini ya kabla yake, konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na shafti) zilikuwa na beringi za rola. DB 605 wakaziondoa wakaweka beringi za bushi, laini zisizo na rola. Bushi haisamehe: inataka oili nyingi, yenye presha, isiyo na povu. Matanki ya oili ya mwanzo hayakuweza kutenganisha hewa na oili vizuri, kwa hiyo povu linaingia, bushi inakauka, joto linapanda, moto. Ndiyo maana nguvu ya juu kabisa ya ata 1.42 (kipimo cha presha ya hewa inayoshindiliwa kwenye injini) ilipigwa marufuku na marubani wakabanwa kwenye 1.30 mpaka 1943. Injini mpya, jangwa, joto. Hapo adui wa nini tena?

Pistoni Moto

@Bushi Kavu UMEONA! Halafu mtu anasema alitunguliwa!

Kamba Mbili

Pistoni Moto, tangu asubuhi umeandika "alitunguliwa" mara nyingi kuliko ushindi wote wa Marseille, na alikuwa nao 158. Kunywa maji.

Mimi kilichoniua ni kingine. Jamaa kasema Marseille alikuwa "III./JG 27". Kikosi kinagawanywa kwenye Gruppe, na kila Gruppe kwenye Staffel ndogo. Tatu ya Kirumi ni Gruppe ya tatu. Marseille alikuwa 3./JG 27, Staffel ya tatu, iliyo ndani ya Gruppe ya KWANZA. Tarakimu ya Kirumi ni Gruppe, ya kawaida ni Staffel. Staffel 1, 2 na 3 ni Gruppe I. 4, 5 na 6 ni II. 7, 8 na 9 ni III. Ndiyo maana namba 14 ya ndege yake ilikuwa ya njano: Staffel ya tatu katika kila Gruppe ilipakwa njano, ya kwanza nyeupe. Gruppe ya III ilifika Afrika Desemba 1941, wakati wenzao wa I walikuwa wanakula mchanga Ain el Gazala, Libya, tangu Aprili. Umpeleke mtu kwenye Gruppe ambayo haijafika? Hilo ndilo kosa kubwa, siyo hilo lako.

Pistoni Moto

Hapana ndugu. Kumkosesha mtu Gruppe ni kosa la karani. Kumkosesha kifo chake ni dhuluma.

Chujio

Wote mmesahau mchanga. Dakika ya 12 kaonyesha picha ya Bf 109 ya Ulaya akasema "hii ndiyo ya jangwani". Bila chujio! Kwenye F-4/trop, Bf 109 ya jangwani ya kabla ya G-2, chujio ni ule mtungi mrefu ubavuni KUSHOTO, mbele ya mdomo wa hewa wa supachaja, pampu inayoshindilia hewa kwenye injini. Mbele yake kuna vipande viwili vinavyofungwa na kufunguliwa. Chini unafunga ili hewa ipite kwenye chujio, juu angani penye hewa safi unafungua ili injini ipumue. Ukisahau kufunga wakati wa kuwasha, propela inakurushia vumbi lako mwenyewe, linaingia kwenye silinda na kuzikwangua kama msasa.

Na kuwasha kwenyewe: fundi anasimama upande wa KULIA na mkono wa chuma, anazungusha gurudumu zito la ndani mpaka lilie kwa kasi, anachomoa mkono, rubani anavuta mpini, gurudumu linashika injini. Yeye kasema "wanabonyeza kitufe".

Mama Rada

Kitufe! Kama feni.

Tobruk 42

Mimi nina hasira ambayo hamjaigusa, na inatuhusu sisi zaidi. Yule kijana mweusi aliyekuwa na Marseille, Mathew Letulu, wao wakimwita Mathias. Jamaa kasema alikuwa "Mswahili wetu, mabaki ya askari wa Tanganyika". Letulu alikuwa koplo wa jeshi la Afrika Kusini! Mfungwa wa vita, mwaka ule wa 1942 Tobruk ya Libya ilipoanguka mikononi mwa Wajerumani. Hakuja kumtafuta Mjerumani, alitekwa. Askari wa Tanganyika waliopigania Wajerumani ni wa vita ya kwanza, 1914 hadi 1918, miaka zaidi ya ishirini nyuma. Mtu mweusi mmoja tu kwenye hadithi nzima, naye wamnyang'anye nchi yake?

Kamba Mbili

Hili ni zito. Na nembo je? Kasema ile nembo ya I./JG 27, ramani ya Afrika na kichwa cha mnyama na cha mtu mweusi, ilichorwa "baada ya kuona simba Libya". Nembo hiyo ilikuwa kwenye pua za 109 E mwaka 1940, wakipigana na Waingereza juu ya Channel, bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Afrika walikuwa hawajaikanyaga.

Pistoni Moto

Sawa, ila turudi kwenye dakika ya 41...

Leuna

Nyie kila siku jangwa. JG 27 imeundwa Oktoba 1939 na imepigana mpaka 1945, mnaongelea miezi ishirini tu. Video nzima haijasema kuwa Septemba 1942 hiyohiyo rubani Steinhausen alikufa tarehe 6, mwenzake Stahlschmidt akapotea tarehe 7, ndipo Marseille tarehe 30. Gruppe moja, mwezi mmoja! Wala haijataja 2 Novemba 1944, kikosi kilivyochinjwa na Mustang, ndege za kivita za Wamarekani, kikilinda viwanda vya mafuta vya Leuna, Ujerumani. Vijana wa mafunzo mafupi, hawajui hata kukaa kwenye mpangilio.

Mama Rada

Na yule rubani Stigler aliyeiacha B-17, ndege ya mabomu ya Wamarekani iliyotobolewa, iende zake, 20 Desemba 1943? Alikuwa JG 27 pia.

Leuna

Ndiyo, 6./JG 27. Sita ya kawaida, maana yake Gruppe ya II. Kamba Mbili asije kunirukia.

Kamba Mbili

Umepona.

Decal Nne

Samahani wakuu, mnisaidie kidogo. Nataka modeli ya F-4/trop, 1/48. Rangi ya juu ni mchanga RLM 79 (namba za rangi za Wajerumani), chini buluu RLM 78, mkanda mweupe nyuma ya bodi. Vile vishikio vya mwavuli wa jua vinakaa wapi?

Chujio

Kushoto, chini ya ukingo wa kabini, viwili. Kioo kinafunguka kulia, rubani anapandia kushoto. Usivisahau, ndivyo vinavyoonyesha ni trop.

Decal Nne

Asante. Kioo nibandike kwa supa gluu?

Bushi Kavu

USITHUBUTU. Mvuke wake unatua kwenye kioo na kukipaka ukungu mweupe usiotoka. Tumia gundi nyeupe ya mbao, kidogo sana kwa ncha ya kijiti.

Pistoni Moto

Jamani, ALITUNGULIWA...

Decal Nne

Gundi nyeupe ikikauka haibaki nyeupe?

Bushi Kavu

Inakuwa wazi kabisa. Iache usiku mzima, na ikizidi ifute na kitambaa chenye maji kabla haijashika.