Naomba ushauri: kuta za bafu zimeoza, fomani anataka nibandike tailizi hivyo hivyo

MwikoMkononi:
Wakuu habari za kazi. Mimi ni fundi tailizi, mwaka wa 11 huu nashika mwiko, na sijawahi kukosa usingizi kwa sababu ya ukuta mpaka nilipoingia kwenye hii kazi ya kukarabati nyumba za umma za kupangisha. Majengo ni ya zamani, tunabadilisha mabafu na majiko na wapangaji wapo humo humo, kwa hiyo kila asubuhi unapiga hodi kwa mtu, unasalimia, unamsaidia kutoa ndoo na miswaki ya watoto ndo uanze kubomoa.

Nimepewa siku mbili kwa bafu moja. Kung'oa za zamani, kuweka mpya, kupiga grauti (kuziba mapengo kati ya tailizi), kusafisha, kwisha. Kwa ukuta mzima inawezekana kabisa, nishafanya sana. Ila hizi kuta ukigonga patasi tailizi inatoka na lipu yake nyuma, bamba zima, na tofali linalobaki lina chumvi nyeupe ukipitisha kiganja unatoka nayo. Jana nimegonga upande wa bomba kwa mpini wa mwiko, kuanzia usawa wa goti mpaka kifuani ukuta unalia kama debe tupu. Nikasimamisha rula ya mita 2, kidole changu cha kati kikapita kati ya rula na ukuta bila kugusa popote. Nikamwita fomani aone, akaja, akaangalia saa kabla hajaangalia ukuta, akasema jaza na gundi tusonge, kesho fundi bomba anaingia.

Nalipwa kwa bafu sio kwa siku. Nikikataa kuna vijana wanasubiri nafasi getini, nikibandika zikaja kudondoka naitwa nirudie bure. Na kilichoniuma kuliko vyote, mama anayekaa nyumba hiyo aliniuliza "fundi, safari hii zitakaa?" kumbe bafu lake hilo lishatengenezwa tena si miaka mingi iliyopita. Nikamwambia tu mama ngoja nimalize kupima, maana nisingeweza kumwambia ndio. Nifanyeje wakuu?

MzeeTimazi:
Pole kijana wangu. Gundi sio lipu. Gundi nyingi za kawaida zimetengenezwa zikae milimita chache tu, geuza gunia usome unene wa mwisho wanaoruhusu, ukizidisha inasinyaa inapokauka, inavuta tailizi, na kwenye pembe unakuta ufa kabla hata ya grauti kukomaa. Kipimo wanachotumia wenzetu Uingereza kwenye kanuni yao ya kubandika tailizi, BS 5385, ni rula ya mita 2 na nafasi isizidi milimita 3. Wewe unaingiza kidole. Hapo hakuna ubishi wa fundi na fomani, ukuta haujafikia kupokea tailizi.

Na hiyo ya kulia mtupu ni mbaya zaidi ya kupinda. Uliopinda unanyooshwa, ila uliobanduka hata uweke gundi ya bei gani unabandika kwenye kitu ambacho chenyewe hakijashika tofali. Ng'oa yote inayolia mpaka ufike pagumu, brashi ya waya kwenye chumvi, futa vumbi, na kwanza kabisa utafute hayo maji yanatoka wapi. Chumvi haiji yenyewe, inaletwa na maji. Ukiona iko usawa wa bomba mwambie fundi bomba apime presha kabla hujafunika.

MwikoMkononi:
Asante mzee wangu. Nimemwambia fomani hiyo ya kung'oa lipu, akasema sawa ng'oa, wataleta mtu apige jipsamu (ile lipu laini ya ndani) leo jioni mimi nibandike kesho asubuhi. Na tailizi walizoleta ni poselini kubwa za milimita 10. Niliposema haijakauka akaniambia nipige ile gundi nyeupe ya mbao juu kama praima inafunga kila kitu.

MzeeTimazi:
Hapana hapana hapana. Sikiliza vizuri maana hapa ndo wengi wanaumia.

Kwanza kukauka. Lipu inahesabiwa kama siku moja kwa kila milimita moja ya unene na hapo hewa iwe inapita, na jipsamu mpya kwa tailizi wanashauri kusubiri wiki 4. Sio usiku mmoja kwenye bafu ambalo watu wanaoga.

Pili uzito. Jipsamu ya kupakwa inabeba kilo 20 kwa mita ya mraba, gundi na grauti zikiwemo. Bodi ya jipsamu ikiwa tupu, haijapakwa skimu (lipu nyembamba ya juu), inafika 32. Sasa poselini ya milimita 10 peke yake ina kama kilo 23, hujaweka gundi. Yaani hata ikauke mwezi mzima hizo tailizi hazitakiwi kupanda pale.

Tatu, gundi ya saruji ikikutana na jipsamu yenye unyevu bila praima yake maalum zinajibizana, zinaota fuwele katikati, na hizo fuwele zinasukuma. Ndo maana unakuta tailizi imedondoka na gundi yake yote mgongoni, safi kabisa, ukutani hakuna hata alama ya mwiko. Na gundi nyeupe ya mbao ikilowa inalainika tena, usiiweke chini ya tailizi za bafu hata kwa kulazimishwa.

Dawa ya haraka ipo na ni bodi ya saruji. Inafungwa kwa skrubu na washa zake, haisubiri kukauka, inapokea uzito mkubwa, ukimaliza viungo unapaka dawa ya kuzuia maji na kesho yake unabandika. Fomani mwenye haraka anatakiwa aipende bodi kuliko wewe.

TumboHalisubiri:
Mimi nitakuwa mkweli. Fundi bandika uchukue chako. Mwenye kazi ameona, ameamua, we nani wa kubishana? Nilikataa kazi kama hiyo, wiki hiyo hiyo wakaweka mtu mwingine, nyumba zikaisha na mimi nikakaa miezi miwili bila kazi, watoto hawajui BS wala nini. Hawa watu hawakumbuki fundi mzuri, wanakumbuka fundi aliyechelewesha.

KaratasiKwanza:
TumboHalisubiri nakuelewa ndugu yangu na sitakuhukumu, ila wapo wanaomkumbuka fundi, ni wale wanaokuja kukagua kasoro baadaye. Nasimamia saiti za aina hii, acha niwaambie kwa upande wetu inavyokuwa. Aliyepanga bei alipita siku ambayo tailizi za zamani bado ziko ukutani. Hakuona lipu. Kwa hiyo siku mbili zilihesabiwa kwa ukuta mzima ambao haupo, na kila mtu chini yake anakimbizana na hiyo hesabu, fomani naye ana mtu anamfokea kwenye simu.

Kwa hiyo usigombane naye kwenye korido mbele ya mpangaji, mpe kitu cha kupeleka juu. Piga picha rula ikiwa ukutani na futi ikionyesha hilo pengo, piga na video fupi unagonga sauti isikike. Siku hiyo hiyo mtumie ujumbe wa maandishi, sio kupiga, namba ya nyumba, ukuta gani, tatizo gani, na njia mbili: bodi ya saruji inaongeza siku moja na vifaa hivi, au kupiga lipu upya na kusubiri wiki kadhaa. Mwambie achague na akujibu kwa maandishi. Wengi wakishaona wanatakiwa kuandika "bandika tu" hawaandiki. Mimi mwenyewe nikipata ujumbe wa hivyo naupeleka kwa mkandarasi mkuu ndani ya saa moja kwa sababu sasa na mimi upo kwenye simu yangu.

Kingine, maandalizi ya ukuta yawe mstari wake kwenye bei yako, kwa mita ya mraba, kabla ya bafu la kwanza. Ukishakubali bei ya "bafu moja" umejifunga mwenyewe.

DadaMsasa:
Huku kwenye rangi ni yale yale kaka. Naambiwa kona yenye ukungu mweusi ipigwe mikono miwili ya rangi ya kuzuia madoa, ipigwe picha, wafunge faili. Baada ya mvua za kwanza unarudi pale pale juu ya dirisha, na safari hii umeota chini ya rangi yangu.

Kuna mtoto Uingereza aliitwa Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020 akiwa na miaka 2 kwenye nyumba ya kupangisha ya jamii, na uchunguzi wa 2022 ulisema ni kifua kilichoharibika kwa kuvuta ukungu muda mrefu. Baba yake alikuwa ameripoti tangu 2017 na akaambiwa apake rangi juu. Kuna sheria imepewa jina la huyo mtoto, imeanza Oktoba 2025, inawabana wenye nyumba za jamii kuchunguza unyevu ndani ya siku zilizopangwa. Tangu niisome hiyo habari nikiambiwa nifunike ukungu mkono unakuwa mzito. Naandika kama alivyosema KaratasiKwanza, na nisipojibiwa napaka kuta nyingine, ule naacha wazi uonekane.

Na majengo ya zamani msikimbilie kupiga msasa. Marekani wamekataza rangi yenye madini ya risasi majumbani mwaka 1978, Uingereza asbestosi (nyuzi za sumu zilizokuwa zinawekwa kwenye bodi na dari) wameifunga kabisa 1999, nyumba za kabla ya hapo bado zipo na watu wanaishi. Dari lenye michirizi ya zamani au bodi ngumu ya kijivu usiikwangue mpaka ipimwe, vumbi lake utaondoka nalo kifuani.

NyumbaNamba4:
Mimi sio fundi, ni mpangaji wa nyumba za hivyo. Naomba tu mafundi mtuambie ukweli. Kwetu walibandika vizuri kwa macho, baada ya miezi tailizi ya juu ya bomba ikadondoka usiku, asubuhi nikaambiwa mtoto amechezea. Mtoto hafiki pale hata akisimama kwenye ndoo. Fundi angeniambia ukuta ni mbovu ningekuwa na la kusema ofisini.

MwikoMkononi:
Wakuu narudi na mrejesho. Nimefanya kama mlivyosema, picha nne na video moja ya sekunde 20, nikaandika uzito wa poselini na ule wa jipsamu, njia mbili, nikatuma saa tano asubuhi. Fomani alikasirika, hakunisemesha mpaka mchana. Saa tisa akaja mtu wa mkandarasi, akagonga mwenyewe, hakusema kitu, akapiga simu nje. Wameleta bodi za saruji kwa kuta mbili za maji na wameniongezea siku moja kwa bafu hili. Tulipofungua upande wa bomba tukakuta kiungo cha bomba kinavuja taratibu kama jasho, tofali limelowa mpaka chini, kumbe chumvi yote ni hapo. Fundi bomba amebadilisha, tumeacha wazi mpaka kesho tuone kama panakauka.

Bafu mbili nilizobandika wiki iliyopita kabla sijauliza hapa nimewaandikia pia. Hizo bado hawajajibu. Moja nimepita jioni nikagonga, safu tatu za chini zinalia, nikamweleza mzee wa nyumba ile na nikamwachia picha kwenye simu yake. @NyumbaNamba4 na yule mama nimemwonyesha kiungo chenyewe, amekishika mkononi, akakifunga kwenye karatasi akaenda kukiweka kabatini.

MzeeTimazi:
Hizo safu tatu zing'oe kabla hawajakujibu, mzee asije kudondokewa. Na kile kiungo yule mama asikitupe.