Tupeane uzoefu: uliwahi kulaza wageni wa klabu nyumbani kwako?

Mwanzisha mada, Bel-Air
Jambo bandugu. Klabu yetu ya Rotary hapa Lubumbashi inangoja kundi kutoka Marekani mwezi wa saba, kwa ule mpango wa kutembeleana kirafiki. Tiketi wanajilipia wenyewe. Sisi tunatoa kitanda, chakula na muda. Nimepewa kazi ya kupanga nani alale kwa nani, na tayari wako wanaotaka kupaka nyumba nzima rangi. Mliowahi kupokea, leteni habari, za kuchekesha na za kuudhi.

Maman wa Kamalondo
Mwanangu, rangi acha, tafuta blanketi. Mwezi wa saba usiku wetu unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na wao wanakuja na mikono mifupi kwa kuwa wamesikia Afrika ni joto. Wangu walikuwa mke na mume, wastaafu. Asubuhi ya kwanza nilimkuta mume amejifunika taulo, amekaa karibu na mbabula, jiko letu la makaa, kama kuku mgonjwa.

Siku hiyo nilikuwa nimepanga chakula cha kuonyesha: kuku wa kuoka, viazi, saladi. Umeme ukaenda. Basi nikatoa kinu nikaanza kutwanga sombe, majani ya muhogo, na yule mama akaomba mchi. Alikuwa anapiga pembeni, majani yanaruka, watoto wa parsela nzima wakaja kumhesabia. Jirani yangu akasimama mbele yake, wakawa wanapokezana, mmoja anainua mwingine anashusha, mpaka akashika mwendo. Jioni tukala bukari (ugali), sombe na samaki tomson kwa mkono. Tonge la kwanza lilimchoma akaliachia, akapuliza vidole, akarudia. Kuku hakuna aliyemuulizia.

Papa wa Golf
Maman, nakuheshimu, lakini si kila mgeni anataka kutwanga. Wangu alikuwa mwalimu wa historia. Nilimpeleka makumbusho, akasimama sana kwenye misalaba ya shaba, ile iliyokuwa pesa huku Katanga kabla Wabelgiji hawajafika. Binti yangu ndiye aliyemweleza. Mimi mwenyewe nilikuwa nasikiliza. Muulizeni mtu anapenda nini kabla ya kumpangia familia.

Halafu jambo la picha. Wa kwangu alitaka kupiga picha kila kitu, hata askari wa barabarani. Waambieni mapema, wakiwa bado Luano wanaposhukia: kiwanja cha ndege chenyewe, migodi na watu wenye sare, kamera ibaki mfukoni. Na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano wasiifungie kwenye sanduku kubwa.

Yaya wa Katuba
Mimi nina la kuudhi. Huku kunaitwa kutembeleana: wanakuja kwetu, nasi tunakwenda kwao. Nani hapa amekwenda? Mahojiano ya viza ya Marekani yako Kinshasa, na Kinshasa kutoka hapa ni ndege. Weka ada ya maombi, ambayo hairudi hata ukikataliwa. Weka tiketi ya safari yenyewe. Kundi letu tulipiga hesabu tukaachia hapo. Wageni wetu walisikitika kweli, wao siwalaumu, bado tunaandikiana. Ila kwenye ripoti ya klabu tuliandikwa kwamba tumebadilishana. Tumebadilishana nini? Mashuka?

Mwanzisha mada, Bel-Air
Yaya, nimecheka lakini imenigusa. Nitaomba kamati itenge kitu kwa tiketi za Kinshasa kabla ya kununua mabango ya kuwakaribisha. Wakikataa nitaandika hapa walichosema. Papa, swali la wanapenda nini nalituma leo. Maman, blanketi nzuri zinapatikana wapi?

Maman wa Kamalondo
Soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, upande wa mitumba, uende asubuhi. Na usimwambie muuzaji ni za wazungu, utalipa mara mbili.