Ulinganisho: mfuko wa dukani, ugali na dagaa, au kupika mwenyewe? Nina papi, jike mwenye mimba na paka mzee

KibopaMbezi (mwanzisha mada)

Wakuu habari za mchana. Naomba tulinganishe bila matusi maana uzi wa mwisho wa mbwa humu ndani watu walifika mpaka kwenye makabila. Hapa kwangu nina wanyama watatu na kila mmoja ana umri wake. Kuna papi mchanganyiko wa jamanishepadi, wiki kumi hivi. Kuna jike wetu wa kienyeji ana mimba, tumbo limeshaanza kuonekana. Halafu kuna paka wa mama, huyo ni kizee, kapita miaka 12, kakonda amebaki mgongo tu na siku hizi anashinda kwenye bakuli la maji. Wote wanakula sufuria moja, ugali wa dona na dagaa wa Mwanza na mchuzi wowote uliobaki mezani. Shemeji kaja wikiendi ananiambia nihamie mfuko wa dukani, jirani anasema mfuko ni wizi mtupu mbwa wa kwao Singida walikula makombo wakazeeka. Je mfuko mmoja kwa wote inawezekana au nibaki na sufuria nirekebishe? Hela ipo ila sio ya kumwaga.

NakuruBoy

Buda nunua mfuko uachane na hizi story. Mimi nina Rottweiler wawili, hawajawahi onja ugali, manyoya inang'aa na kinyesi ni kidogo na kigumu, unaokota unasahau. Kupika kila siku ni kazi, siku stima imepotea ama gas imeisha dog analala njaa.

Mzee wa Tegeta

Nakuru usimtishe mwenzio, ugali haujawahi kuua mbwa. Mimi walinzi wangu wanakula dona na dagaa miaka yote na mwizi akipita wanajua. Hiyo mifuko yenyewe ukisoma nyuma kitu cha kwanza unakuta ni mahindi, sasa unalipia nini, mahindi ya kuchongwa?

Dokta wa Mifugo Moro

Mzee wa Tegeta uko sahihi nusu. Mbwa anaweza kumeng'enya wanga, kuna utafiti ulitoka 2013 ulionyesha mbwa ana nakala nyingi za jeni la kuvunja wanga kuliko mbwa mwitu, yaani kukaa na binadamu kumembadilisha tumbo. Kwa hiyo ugali kwa mbwa mzima sio dhambi. Ila mleta mada hajauliza kuhusu mbwa mzima, kauliza papi, mwenye mimba na paka, na hao watatu ndio hasa ambao sufuria moja haiwafai. Ukitaka kulinganisha anza na umri na aina ya mnyama, mfuko au sufuria ni swali la pili.

Papi kwanza. Viwango vya Marekani vya AAFCO, ambavyo mifuko mingi inafuata, vinataka protini angalau asilimia 22.5 kwa papi anayekua na 18 kwa mbwa mzima. Kwa paka ni 30 kwa mtoto na 26 kwa mkubwa. Unaona hapo kwamba chakula cha mbwa mzima hakimtoshi hata paka aliyekomaa, na hiyo ni kabla hatujagusa taurini, kirutubisho ambacho paka hawezi kukikosa.

Protini sio kitu pekee cha papi, tatizo kubwa ninaloliona mezani kwangu ni kalshiamu. Papi analetwa miguu ya mbele imepinda, kiganja kimelala chini, ukimuinua analia. Ukiuliza anakula nini, nusu ya wenye mbwa watasema ugali na mchuzi, na nusu nyingine watasema kwa majivuno kabisa "huyu hagusi ugali, anakula steki tu". Wote wamefika sehemu moja. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalshiamu karibu hamna, mwili unaanza kuiba kalshiamu kwenye mifupa, mfupa unavunjika kwa kuruka ngazi tu. Mbwa wa umbo kubwa kama huyo wa kwako ana shida ya upande wa pili pia, akiwa mdogo hawezi kuzuia kalshiamu inayozidi isiingie mwilini, kwa hiyo ukimpa mfuko kamili halafu ukamwongezea na unga wa mifupa unamharibia viungo. Kwa papi wa jamani mimi nasema wazi: nunua mfuko wa papi wa mbwa wakubwa, usiongeze kitu chochote chenye kalshiamu, na mwache humo mpaka mwaka na zaidi kidogo. Sa hivi mpe mara tatu mpaka nne kwa siku, akifika miezi sita mara mbili zinatosha. Hapa ndipo hela yako ya mfuko iende.

FundiBucha

Dokta umeongea ila wenye mfuko huwa mnatudharau sana sisi wa bucha. Mimi nauza vichwa na miguu ya kuku, mapupu, bandama na utumbo, na wateja wangu wa mbwa wanarudi kila wiki. Mapupu tu hayo, mbwa wanapenda hatari. Wengine wanachukua na kuwatupia mbichi hapo hapo nje.

Dokta wa Mifugo Moro

FundiBucha sikudharau, mimi mwenyewe nanunua vichwa vya kuku. Ila mapupu na maini mabichi ACHENI kabisa. Kuna mnyoo mdogo sana anaishi kwenye utumbo wa mbwa, mayai yake yakiingia kwa ng'ombe, mbuzi au kondoo yanafanya malengelenge ya maji kwenye mapafu na maini, mbwa akila hilo lengelenge bichi mzunguko unaanza upya, na binadamu akimeza mayai kutoka kwa mbwa anaota lengelenge hilo hilo tumboni mwake. Turkana wameteseka na ugonjwa huu miaka mingi, Umasaini pia upo. Chemsha mpaka viive hadi ndani.

Mifupa ya kuku iliyochemshwa kawaida au kuchomwa isiliwe, inapasuka vipande vyenye ncha. Presha kuka ni kitu kingine, vichwa na miguu ukiviweka mpaka mfupa unasagika ukiuminya kwa vidole hapo ni sawa na kalshiamu unaipata.

Mzee wa Tegeta

Sasa dokta hesabu ya sufuria kwa mbwa mzima iweke basi, maana kila mtu anasema "kiasi". Kiasi ni sufuria ya mke wangu au ya kwako?

Dokta wa Mifugo Moro

Haya. Mbwa wa kilo 20 aliyehasiwa, mwenye shughuli za kawaida, anataka kama kalori 1,060 kwa siku. Kwa mfuko wenye kalori 350 kwa gramu 100 hiyo ni gramu 300 hivi. Ukipika, anzia kwenye unga wa dona gramu 200, dagaa wakavu gramu 80, kijiko kidogo cha mafuta na mchicha kiganja kimoja, utaangukia karibu hapo hapo. Mara moja moja yai, na kipande kidogo cha ini kwa wiki, kidogo nimesema, ini likizidi vitamini A inakuwa sumu. Dagaa ndio uti wa hiyo sufuria kwa sababu wanaliwa na mifupa yao. Wa Mwanza waoshe mchanga utoke, wa Zanzibar wanachemshwa na chumvi kabla ya kuanikwa kwa hiyo waloweke umwage maji. Halafu baada ya wiki kadhaa mguse mbavu, zikipapasika kwa urahisi bila kuonekana kwa macho umepatia, ukitafuta mbavu kwa kubonyeza punguza unga. Mbwa akishahasiwa mahitaji yanashuka, watu wanasema operesheni ndiyo imemnenepesha kumbe bakuli limebaki lile lile. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2002, labrado 48 walifuatiliwa maisha yao yote, waliopewa robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi.

Na unga mkuu, naomba usinunue pumba za bei chee zilizokaa gunia lenye unyevu. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ikiwepo kwenye hindi inajaa zaidi kwenye pumba na kiini kuliko kwenye sembe, na mbwa ini lake halivumilii. Ni sumu ile ile iliyoua watu zaidi ya 100 Ukambani 2004, na wengine Dodoma na Manyara 2016. Kuchemsha hakuiondoi.

NakuruBoy

Hiyo ya pumba imenigusa, kuna neighbour hununua zile za kuku anapikia dogs. Lakini si mnaona? Hesabu, presha kuka, kuosha mchanga... mimi nafungua tu gunia.

Bi Nunu wa Lamu

Nyote mwazungumza mbwa tu na paka wa watu yuko hapo anakonda. Paka si mbwa mdogo. Ugali kwake ni kujaza tumbo, mwili wake wataka nyama au samaki kila siku ya Mungu. Ile taurini aliyoitaja daktari paka hatengenezi ya kutosha mwenyewe, akiikosa macho yapofuka na moyo wavimba, jambo la moyo wataalamu walilithibitisha 1987 na tangu hapo vyakula vya paka vya dukani vikaongezwa. Mbwa kwa kawaida hutengeneza yake, ndiyo maana chakula cha mbwa si cha kumpa paka kwa miezi.

Huku kwetu paka wamejaa vichochoroni na chakula chao ni vichwa na matumbo ya samaki bandarini, watu huona wale wanaishi wakadhani ndiyo chakula kizuri. Samaki wengine wadogo wakiwa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Paka akilishwa hao tu kila siku utamuona shingo imeinama kifuani, ayumba, mwisho atapata degedege. Ukichemsha kitu hicho chafa. Basi mimi huchemsha samaki kwa maji machache, natoa miba mikubwa, na ile supu simwagi kwa sababu taurini huingia kwenye maji, namchanganyia humo humo. Na firigisi au moyo wa kuku siku nyingine. Vipaka vyangu nikiviachisha huanza na wiki nne, chakula cha vipaka nakiloweka maji ya vuguvugu mpaka kiwe uji, nauweka kwenye sahani bapa, siku ya kwanza hutembea juu yake wakajipaka mpaka masikioni, wakijilamba ndipo wanapoonja. Maziwa ya ng'ombe msiwape, huwaharisha.

Paka dume aliyehasiwa na anakula kavu tu nawaambia mumtazame sana, wao maji hawanywi. Akianza kujikamua chooni na mkojo hautoki mpeleke siku hiyo hiyo, ya pili huenda usimkute.

KibopaMbezi

Aisee nimejifunza. Sasa jike mwenye mimba? Jirani kaniletea vidonge vya kalshiamu vya binadamu anasema nimpe kila siku. Na mchuzi wa mezani je, maana mama ndio anamwagia paka.

Dokta wa Mifugo Moro

Vidonge mrudishie jirani. Ukimjaza kalshiamu wakati wa mimba mwili unasahau kuichota kutoka kwenye mifupa, akizaa maziwa yanaivuta yote kwa ghafla anaanza kutetemeka na kukakamaa, hiyo ni dharura. Mimba ya mbwa ni kama siku 63. Wiki nne tano za mwanzo mlishe kama kawaida, tumbo likishaonekana ongeza kidogo kidogo, na kwa sababu watoto wanabana tumbo mpe kidogo mara nyingi. Kazi kubwa inakuja akishazaa, wiki ya tatu na ya nne ya kunyonyesha anaweza kutaka mara mbili mpaka nne ya chakula chake, kutegemea ana watoto wangapi. Hapo mfuko wa papi ndio unamfaa.

Mchuzi wa mezani ni hapana. Hakuna mchuzi wa Mswahili usio na kitunguu, na kitunguu hata kikiiva kinavunja chembe nyekundu za damu, paka ndiye anayeumia haraka zaidi. Saumu vile vile. Pika chao pembeni, hata chumvi haihitajiki. Na paka mzee anayekonda huku anakunywa maji mengi mimi simwandikii chakula humu jukwaani. Inaweza kuwa figo, inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa tezi ya shingo, na kila moja ina bakuli lake. Figo zinataka fosforasi ndogo, wakati paka mzee mzima wa afya hapunguziwi protini hata kidogo, tena anahitaji nzuri zaidi asipoteze nyama. Apimwe damu na mkojo kwanza, na waangalie meno.

Mzee wa Tegeta

Kwa hiyo mfuko kwa papi na mama mzazi, sufuria kwa mbwa wazima wetu sisi walinzi, paka kivyake. Nakubali, ila ile ya mahindi ya kuchongwa sijajibiwa.

Dokta wa Mifugo Moro

Mzee unalipia ule mchanganyiko wa madini na vitamini unaoongezwa humo, zinki, ayodini, vitamini E, vitu ambavyo dagaa na dona peke yake havifiki. Ukilinganisha bei usiangalie bei ya mfuko, gawanya kwa kilo halafu zidisha na gramu anazokula kwa siku. Mfuko wa bei chee wenye protini ndogo wanakula mwingi, mwisho wa mwezi unakuta tofauti na ule wa kati ni ndogo. Nunua uliofungwa, ule wa kupimiwa kwenye ndoo dukani hujui umekaa lini.

KibopaMbezi

Sawa wakuu. Mfuko wa papi nachukua jioni nikitoka kazini, nitachanganya na ugali nikipunguza ugali siku kwa siku kama wiki hivi ili asiharishe. Paka kesho asubuhi naenda naye kliniki, nimemkopa jirani kikapu cha kubebea. Mama anauliza tu leo usiku ale nini maana asubuhi kagoma dagaa.

Bi Nunu wa Lamu

Mpashieni moto kidogo mwanangu, samaki au kuku wa kuchemsha wa vuguvugu harufu itoke, mzee pua imekuwa nzito. Na mkifika kwa daktari mumwambie tangu lini hajala, paka akikaa siku mbili tatu bila kula ini nalo huanza kujaa mafuta.