Naombeni ushauri: Umaumbo au Umaksi kwa hadithi fupi ya korosho? Semina ni Ijumaa

Asumini:
Habari za jioni wanajukwaa. Niko mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Mtwara mjini, nasomea ualimu wa Kiswahili. Muhula huu tuna kozi ya uhakiki wa hadithi fupi. Kila kundi linaleta hadithi ambayo haijawahi kuchambuliwa darasani, linachagua nadharia moja, linaandika kurasa nane na kuwasilisha kwenye semina. Kiongozi wa kundi letu ni mimi.

Hadithi yetu inamhusu mama mjane. Mwezi wa tatu chakula kimeisha, mnunuzi anamkopesha pesa kidogo kwa mikorosho ambayo hata maua haijatoa. Msimu ukifika anarudi kuchukua mzigo wake. Basi. Mnunuzi hana jina wala sura, ni "yule mtu" tu mwanzo hadi mwisho.

Wenzangu wanataka Umaksi, yaani kutazama matabaka na nani ananufaika na jasho la nani. Mimi naona Umaumbo wa Kirusi unafaa zaidi: tunaangalia muundo, usimulizi, mpangilio wa matukio, tunaachana na mambo ya nje ya matini. Nimeshaandika kurasa tano kwa njia hiyo. Naomba mnisaidie hoja za kuwashawishi wenzangu.

Kijana wa Shangani:
Mjane, mkopo, korosho, mnunuzi. Dada, hiyo hadithi imezaliwa na Umaksi mkononi. Ukienda kwa Umaumbo lekchara atakuuliza swali moja tu na utakaa chini.

Mkorosho Mkavu:
Hiyo ni kangomba, yaani kununua korosho za mkulima kienyeji nje ya mfumo rasmi, na wasioijua wasiichukulie poa. Sisi huku Tandahimba tumekua nayo. Stakabadhi ghalani ilipoanza 2007 tukaambiwa imekwisha, mkulima apeleke AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mzigo uingie ghalani, mnada upigwe. Lakini mnada uko Oktoba, na njaa iko Machi. Mtu hawezi kula stakabadhi. Mwaka 2018 serikali iliponunua kwa 3,300 kwa kilo, walikuwa wanakagua ukubwa wa shamba kabla ya kulipa. Kuna jirani yangu alikuwa na tani za kushangaza na shamba la mikorosho ya kuhesabu kwa vidole. Alipoulizwa miti iko wapi akaanza kuumwa ghafla. Sisi wengine malipo yalichelewa tukalala njaa na korosho zetu halali. Yaani ningeandika mimi hiyo hadithi ingekuwa kitabu.

Mwalimu Mstaafu Newala:
Vijana wa siku hizi mnachagua nadharia kama mnachagua kitambaa cha sare. Enzi zetu tulianza na fani na maudhui, tukayajua, ndipo tukaenda mbele.

Ila nikujibu, binti. Umaumbo si njia ya kukimbilia. Wale Warusi wa miaka ya 1910 na 1920 hawakusema maisha hayana maana. Walisema mhakiki aanze na namna kazi ilivyojengwa. Walitenganisha tukio kama lilivyotokea na tukio kama lilivyopangwa na msimulizi. Kwa hadithi yako ningeuliza: je, msimulizi anaanza na mkopo wa Machi au anaanza na mzigo wa Oktoba? Kwa nini mnunuzi hapewi jina? Hayo ni maswali mazuri. Lakini nasoma uzi wako naona hupendi Umaumbo, unauogopa Umaksi. Kwa nini?

Asumini:
Asante mwalimu, shikamoo. Hadithi inaanza Oktoba, kisha inarudi Machi, kisha Oktoba tena. Hilo nimelichambua vizuri.

Siuogopi Umaksi. Naona tu kila hadithi ya mkulima inalazimishwa kuwa ya unyonyaji. Mwisho wahakiki wote wanaandika kitu kimoja, wanabadilisha majina ya wahusika. Hadithi ina uzuri wake wa lugha na unapotea.

Bi Mkubwa wa Mikindani:
Mwanangu, unazunguka mbuyu. Mimi sijasoma chuo, nauza samaki, lakini nimelea. Huyo "yule mtu" ni nani kwako?

Kijana wa Shangani:
Bi Mkubwa kapiga msumari 😂 Naweka kambi hapa.

Asumini:
Shikamoo mama.

Ni mjomba wangu. Yaani, hadithi haisemi hivyo, ila imeandikwa na kijana wa kijijini kwetu ambaye tulisoma naye shule ya msingi. Aliirusha kwenye kundi la WhatsApp la wanakijiji, watu wakacheka, wakamtambua papo hapo kwa ile redio yake anayoifunga kwenye mfuko wa nailoni, anatembea nayo kwapani mvua inyeshe, jua liwake. Wenzangu chuoni hawamjui. Lakini ndani ya semina yetu kuna watu wawili wa kwetu.

Mjomba ndiye anayenisomesha. Bumu, ule mkopo wa wanafunzi, nililikosa, baba alishafariki. Kila muhula ada inatoka kwake. Sasa nisimame mbele ya watu nimwite mnyonyaji? Ndiyo maana nataka matini peke yake. Sioni kosa, nadharia imeruhusu.

Abuu Rahma:
Dada yangu, ungeanza kujiuliza hiyo ada ni halali au la. Elimu iliyojengwa juu ya jasho la mjane haina baraka. Tubu, tafuta kazi ya mkono, Mungu atafungua.

Mkorosho Mkavu:
Abuu taratibu. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake. Si kama huko kwenu baba ndiye kila kitu. Mjomba akikusomesha anatimiza wajibu, na wewe ukimwaibisha umeaibisha ukoo wa mama yako mzima. Binti yuko kwenye wakati mgumu kweli. Mimi mjomba wangu alinitafutia shamba la kwanza, hadi leo nikipita kwake bila kusalimia silali.

Nangurukuru 1:
Nimefundisha kozi inayofanana na hiyo. Ngoja nikusogeze kidogo, maana naona unaukimbia Umaksi ambao haupo.

Mwaka 1888 Engels, mwenzake Marx, alimwandikia mwandishi wa riwaya wa Uingereza, Margaret Harkness, kwamba uhalisia unataka wahusika wawakilishi katika mazingira wakilishi. Maana yake mhusika anabeba nafasi ya watu wengi, hata kama mwandishi alimchota kwa mtu mmoja. Mhakiki wa Kimaksi haulizi "nani mbaya hapa". Anauliza pesa ya Machi imetoka wapi. Mnunuzi mdogo wa kijijini hana mtaji wa kuzungusha miezi saba. Yuko tajiri mjini aliyemkabidhi fedha, naye anadaiwa. Rudi kwenye hadithi utazame kama kuna dalili ya huyo tajiri.

Ukiipata, mjomba wako hatakuwa shetani wa semina. Atakuwa mtu wa katikati, na huo ndio uchambuzi mzito. Kwa kweli Umaksi unamlinda kuliko Umaumbo wako.

Asumini:
Ipo. Kuna mahali anapima korosho huku anatazama simu, inaita, anasimama wima kabla ya kupokea, anaitikia "ndiyo bosi" mara tatu. Sikuwahi kulifikiria hilo.

Fundi Saa:
Subiri kidogo. Wa kwanza kabisa ulisema mnunuzi hana jina wala sura. Kisha kuna redio kwenye nailoni. Sasa kuna simu na kupima. Mimi nimeusoma uzi wote na ninauliza: kundi lako lina hadithi hiyohiyo uliyonayo wewe?

Kijana wa Shangani:
😳

Asumini:
Nakala ya kundi niliichapa mimi mwenyewe kutoka kwenye simu, nikaenda kupiga kopi steshenari. Kuna aya moja sikuiweka. Ni aya moja tu. Kisa kizima kinaeleweka bila hiyo. Hadithi yenyewe haijachapishwa popote, kwa hiyo hakuna toleo rasmi, na hata wahariri hupunguza. Sioni kwa nini iwe jambo kubwa.

Mwalimu Mstaafu Newala:
Ina nini hiyo aya?

Asumini:
Ni Oktoba. Anakaa kwenye kigoda barazani kwa mama, redio pembeni. Anatoa kopo la rangi la bati, lile la lita nne. Kitako kimegongwa kwa ndani hadi kimetokeza nje kama tumbo, kopo halisimami sawasawa, inabidi alishike kwa magoti. Anajaza, analipiga kwa kiganja korosho zishuke, anaongeza, analipiga tena, anaweka rundo juu. Kisha anasema "moja". Mama anajua kopo halali lina ujazo gani kwa sababu analo la kuchotea maji. Hasemi kitu. Anasogeza gunia karibu ili yule mtu asiinuke. Hapo ndipo simu inaita.

Bi Mkubwa wa Mikindani:
Ewe Mola. Anamsogezea gunia.

Mwalimu Mstaafu Newala:
Binti, hapo sasa nimekasirika, na hasira yangu ni ya upendo. Umesema unataka Umaumbo. Shklovsky, mmoja wa wale Warusi, mwaka 1917 aliandika kwamba kazi ya sanaa ni kukifanya kitu tulichokizoea kionekane kigeni, ili tukione upya badala ya kukitambua tu na kupita. Kila mtu wa Mtwara amelizoea neno kangomba, tunalisikia redioni, halituumi tena. Huyo kijana hakulitaja. Ametuonyesha kopo lenye tumbo lililobanwa kwa magoti. Hiyo ndiyo mbinu yenyewe! Umechagua nadharia ya umbo, halafu ukakata mahali umbo linapofanya kazi.

Na Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani, alipokuwa akihakiki hadithi za Mmarekani mwenzake Hawthorne mwaka 1842, alisema hadithi fupi husomwa kwa mkao mmoja, na kila neno ndani yake lielekee kwenye athari moja iliyokusudiwa. Riwaya unaweza kurarua ukurasa ikaendelea kutembea. Hadithi fupi haina pa kuchechemelea. Hizo kurasa zako tano zinahakiki hadithi ambayo haipo.

Nangurukuru 1:
Nakazia. Na usijidanganye na habari ya wahariri. Mhariri hukata kwa makubaliano na mwandishi. Mhakiki hana ruhusa hiyo hata kwa koma.

Mzee wa Takwimu:
Jamani, hii ni chai. Chuo gani kinakubali hadithi ya WhatsApp kwenye kozi? Halafu mwanafunzi aliyekwama hawezi kuandika ile aya ya kopo kwa kichwa, na kigoda na magoti. Mwandishi wa hadithi ni Asumini mwenyewe. Hakuna kijana wa kijijini, hakuna kundi. Kaja kutupima kama hadithi yake inagusa.

Kijana wa Shangani:
Eeh! Kama ni chai basi imekolea tangawizi. Asumini njoo ujibu.

Mkorosho Mkavu:
Chai wapi? Kopo la kitako kimegongwa nimeliona kwa macho yangu. Huwezi kulitunga ukiwa Dar.

Mzee wa Takwimu:
Sijasema kopo ni uongo. Nasema mwanafunzi ni uongo. Na kama ni kweli, weka picha ya swali la asaimenti.

Abuu Rahma:
Kama ni uongo basi naondoa nasaha zangu.

Nangurukuru 1:
Vyuo vingi huruhusu matini ambazo hazijachapishwa, tena ndiyo njia ya kuzuia watu kugonga madesa ya miaka iliyopita. Na hata kama yeye ndiye mwandishi, tatizo lake linabaki palepale. Barthes, mhakiki wa Kifaransa, mwaka 1967 alitangaza kifo cha mwandishi akimaanisha hivyo: maana isitafutwe kwenye wasifu wa aliyeandika. Mnamjadili Asumini, acheni kopo liongee.

Bi Mkubwa wa Mikindani:
Ninyi wasomi mwandishi wenu anaweza kufa. Mjomba yuko hai na muhula ujao ana ada ya kulipa. Mwanangu, kama mambo haya ni ya kweli, umeshaongea na mjomba?

Asumini:
Sitaweka picha ya asaimenti, ina majina ya watu. Anayeona ni chai aache. Ile aya naijua kwa kichwa kwa sababu niliisoma mara nyingi nikitafuta namna ya kuiondoa bila pengo kuonekana. Pengo linaonekana. Mama anasogeza gunia, na bila kopo hujui kwa nini.

Mama, nimempigia mjomba jana usiku. Sikumwambia habari ya semina, nimemuuliza tu ile pesa ya Machi huwa inatoka wapi. Kanyamaza sana, kisha akaniambia nisome, mambo ya korosho niwaachie wenye korosho. Ada ya muhula huu ameshatuma. Ya muhula ujao sijui.

Nadharia sibadilishi, kurasa nilizoandika za mpangilio wa wakati ni nzuri na wenzangu wamezikubali. Ila asubuhi nilipiga kopi upya, aya imo, nikawagawia. Mmoja wao ameuliza kwa nini nakala ya kwanza haikuwa nayo. Nimemwambia aya hiyo niliiacha kwa makusudi na nitaeleza Ijumaa. Wale wawili wa kwetu watakuwepo.

Mwalimu Mstaafu Newala:
Basi anza uwasilishaji na hiyo aya. Isome yote kwa sauti, polepole, kabla hujataja nadharia yoyote. Kisha rudi kwenye Machi. Na ile redio, usiiruke.

Kijana wa Shangani:
Ijumaa jioni tunataka mrejesho.