Wakuu wa Lisp: niendelee na maktaba yangu au nihamie Alexandria?

Fundi_Mabano: Habari za jioni wakuu. Naandika programu kwa lugha ya Common Lisp, naziendesha kwenye SBCL. Nimejitengenezea kimaktaba, yaani mkusanyo wa kodi, cha kazi ndogondogo, mistari kama 200. Ndani kuna flatten ya kunyoosha orodha zilizofungana, when-let ya kufanya jambo pale tu thamani ikiwepo, na vingine. Nataka nikitoe Jumamosi niweke Alexandria, maktaba ya aina hiyohiyo iliyoandikwa na wengine. Kuna madhara? Usingizi sipati.

Kobe wa Mbagala: Ipo Quicklisp, kile kipakuzi cha maktaba za Lisp, weka tu. Ila usiichanganye na maktaba nyingine, cl-utilities, kwenye :use moja, ile ya kuingiza majina yote kwa mkupuo. Zote zinatoa majina yaleyale, kama with-gensyms na compose, yanagongana na SBCL inagoma. Mimi ilinikesha usiku kucha, nikaapa kuagiza jina mojamoja kwa :import-from.

Mzee Desturi: Vijana mnapenda nyongeza. Pakeji ya lugha yenyewe ina alama, yaani majina yaliyo tayari kutumika, 978. Umezimaliza?

Binti Sayuni: Mtu hakosi usingizi kwa ajili ya maktaba. Sema lote, kaka.

Fundi_Mabano: Ni programu ya kikoba cha mtaani. Asiyechanga namwekea nil, yaani "hakuna kitu". Nanyoosha orodha, kisha naoanisha viwango na majina kwa mapcar, inayopita orodha mbili sambamba. Jumla inatoka sawasawa.

Binti Sayuni: Na majina?

Fundi_Mabano: Flatten yangu inaruka nil. Asiyechanga anahesabiwa hela ya anayemfuata, wote wanasogea, na wa mwisho anaonekana mdaiwa. Wa mwisho ni mama mmoja muuza mihogo. Ametozwa faini mara 3. Nilitaka kubadilisha kimyakimya, maana Alexandria imepitiwa na wengi, haiwezi kuwa na kosa kama langu. Nikisema sasa hivi kikoba kitavunjika.

Kobe wa Mbagala: Chetu kilivunjika kwa daftari lililolowa mvua. Mpaka leo mimi na shemeji hatusalimiani.

Mzee Desturi: Faini ya mtu asiye na kosa ni dhuluma. Rudisha kwanza, maktaba baadaye.

Jicho la Tatu: Chai hii. Kikoba gani kinaandikiwa Lisp? Vyote ni daftari na Excel.

Binti Sayuni: Hata mimi nilishuku, nikafungua SBCL. Nimempa flatten ya Alexandria orodha ya 5000, nil na 7000. Imerudisha 5000 na 7000. Maelezo yake yanasema wazi kwamba nil inarukwa. Kaka, Jumamosi ungehamisha kosa lilelile. Oanisha jina na kiasi tangu mwanzo, asiyechanga mwandikie 0, uone kama flatten unaihitaji tena.

Jicho la Tatu: Basi weka picha ya orodha tuamini.

Fundi_Mabano: Majina ya watu siweki hapa. Nimempigia katibu. Anakuja saa 2 usiku na daftari la mkono, tunapitia wiki zote 11. Kwa yule mama nakwenda mwenyewe asubuhi, kabla hajafungua meza.